Daktari kaniuliza nililelewaje badala ya kunitibu uchovu. Hii imekaaje?

FundiCherehani (aliyeanzisha mada)

Wakubwa shikamooni, na wa rika langu habari zenu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, niko Tanga, nashona nguo. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana jambo hili nimelibeba wiki tatu na nimeshindwa kulitua.

Februari 2021, ile wiki aliyofariki Maalim Seif, tulikuwa na msiba wa bibi yetu. Nyumba imejaa, nusu ya watu wanakohoa, na mnakumbuka wakati ule korona tulikuwa tunaiita "changamoto ya upumuaji" tu. Tukaanza kuumwa siku moja, mimi na kaka yangu. Nyungu tulijifukiza pamoja, chini ya blanketi moja, malimao na tangawizi zile zile. Yeye homa ikamwacha siku ya nne. Mimi ilinishika siku kumi na moja, na usiku mbili kati ya hizo nililala nimeketi kwa sababu nikilala chali pumzi inakata. Kupima hatukupima. Siku ya kumi na mbili nilirudi kwenye cherehani, kulikuwa na sare za harusi za watu.

Kaka leo anabeba saruji. Mimi, miaka minne baadaye, nikishona magauni mawili Jumatatu, Jumanne niko salama, Jumatano sinyanyuki. Si usingizi. Ni kama mtu amenifungulia koki chini ya unyayo, nguvu yote imemwagika. Kichwa kinajaa ukungu, nimewahi kukata mkono wa kushoto mara mbili kwenye gauni moja la mteja. Nikisimama jikoni dakika kumi moyo unapiga kama nimefukuzwa. Cherehani ya mguu nimeiacha, nimefunga mota.

Sasa, nimezunguka sana. Mwezi uliopita nikampata daktari kijana, mpole, wa kwanza kunisikiliza bila kuangalia saa. Akapima damu, akasema wingi wa damu uko sawa, malaria hakuna. Halafu akatoa karatasi ya maswali kumi kuhusu utoto wangu. Ulipigwa? Ulitukanwa? Mzazi aliondoka? Kuna mlevi ndani ya nyumba? Nikapata saba. Akaniangalia akasema, "Dada, mwili wako umekuwa ukiogopa tangu ukiwa mdogo." Akaniandikia vidonge vya usingizi na kuniambia nikimbie kila asubuhi. Nilikimbia Raskazone siku mbili. Ya tatu nilishindwa kuinua kitana.

Na kweli utoto wangu haukuwa mzuri. Baba alipofariki mama alibaki na kaka, eti wa kiume asome, mimi nikapelekwa Korogwe kwa shangazi. Nilikuwa na miaka sita. Sitaeleza yote hapa. Nililala jikoni, na mume wa shangazi alikuwa anarudi usiku na kishada cha funguo mkononi. Kwa mlio wa zile funguo nilikuwa najua kama leo amelewa au hajalewa. Mpaka leo mwanangu akichezea funguo mimi nakurupuka.

Lakini hayo yanahusiana vipi na korona? Kuna ukweli wowote hapo, au ndiyo njia ya kistaarabu ya kuniambia naigiza? Nilimsimulia kaka, akajibu, "Si ya Korogwe hayo yaliisha zamani?" Nikanyamaza.

MtumishiMwaminifu

Dada, msamehe shangazi yako na mumewe. Uchungu hukaa kwenye mifupa. Ukisamehe tu utapona.

BabaTatu

Mtumishi, kwani mapafu yanajua nani kasamehewa? Muache mtu aeleweshwe.

BiMkubwaMstaafu

Mwanangu Fundi, pole sana. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 34, nimestaafu, sasa nafuga kuku na kusoma. Nijibu kwa mpangilio wangu, unisamehe nikirefusha.

Kwanza la cheti. Usihangaike kwamba hukupimwa. Nchi yetu iliacha kutangaza takwimu mwishoni mwa Aprili 2020, hesabu ikiwa wagonjwa 509, kwa hiyo wengi walioumwa 2021 hawana karatasi. Shirika la Afya Duniani lilipoeleza ugonjwa huu wa baada ya korona, Oktoba 2021, lilikubali hata yule ambaye inadhaniwa tu aliugua: dalili ziwepo inapofika miezi mitatu tangu uanze kuumwa, ziwe zimedumu miezi miwili au zaidi, na pasiwe na ugonjwa mwingine unaozieleza. Hilo la mwisho ulishike, nitalirudia.

Pili, hilo la utoto. Lina ukweli, lakini daktari wako kalishika kwa upande wa makali.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo imekaa kama kofia. Inatoa homoni ya kortisoli. Watu wanaijua kama homoni ya hofu, ila ina kazi nyingine mbili zinazokuhusu. Asubuhi ukifumbua macho inapanda haraka, ndiyo inayokunyanyua. Na askari wa kinga mwilini wakishamaliza kupigana na mdudu, yenyewe ndiyo inawaambia basi, rudini kambini. Sasa mchukue mtoto wa miaka sita anayelala huku anasikiliza funguo. Kengele ile inalia kila usiku, miaka. Mwili unaokua unajipanga kwa mazingira unayoyakuta. Baadaye kwa wengine seli zinakuwa sugu kwa kortisoli, hazisikii amri, na kwa wengine kortisoli yenyewe inapungua.

Marekani, jimbo la Georgia, mtafiti Christine Heim na wenzake walichukua watu 113 wenye ugonjwa wa uchovu sugu na 124 wazima, wakawauliza utoto wao, wakawapima kortisoli kwenye mate wakiamka. Matokeo yalitoka 2009. Waliopata madhila utotoni walikuwa na uwezekano kama mara sita zaidi wa kuwa kundi la wagonjwa. Na kortisoli ya asubuhi ilikuwa chini kwa wagonjwa wenye historia ile tu. Wagonjwa waliolelewa vizuri haikuwa chini. Kwa hiyo uchovu unaweza kufanana nje, ndani njia zikawa tofauti.

New Zealand nako, mji wa Dunedin, wamewafuata watoto 1,037 tangu walipozaliwa 1972 na 1973. Walipofika miaka 32 wakapimwa protini ya CRP, ambayo hupanda damuni mwili ukiwa na ule moto wa ndani uitwao mchochota. Walioteswa utotoni walikuwa nayo juu zaidi. Hawa hawakuwa wagonjwa waliokuja kulalamika, mwanangu. Ni damu ndani ya chupa. Damu haiigizi.

Tatu, ile karatasi ya maswali kumi. Imetokana na utafiti wa Vincent Felitti na Robert Anda uliochapishwa 1998, kutoka kliniki moja ya San Diego. Ulifanywa kuangalia umati wa watu. Mwaka 2020 Anda mwenyewe aliandika kuonya kwamba alama zile zisitumike kumpima mtu mmoja mmoja. Saba yako haisemi utaugua nini, wala haisemi kwa nini unaumwa. Na tufikirie ya hapa kwetu: utafiti wa kitaifa wa ukatili kwa watoto, uliofanyika 2009, ulikuta karibu robo tatu ya vijana wa kike na wa kiume walipata kipigo kabla ya miaka 18. Kama kipigo peke yake kingetosha kukulaza, mashamba yangelimwa na nani?

La kukimbia limeniudhi. Mtu ambaye akijishughulisha leo anaanguka keshokutwa haambiwi akimbie. Uingereza walishaondoa ushauri wa mazoezi ya kuongeza hatua kwa hatua kwenye mwongozo wao wa ugonjwa wa uchovu sugu, 2021. Ulichofanya kwa kufunga mota, kuupunguzia mwili kazi, ndiyo ushauri wenyewe hasa, ila hukuambiwa.

BabaTatu

Bi Mkubwa, heshima kwako, lakini mimi naogopa sana hii hadithi ya utoto, na nitasema kwa nini.

Mke wangu aliumwa mgongo na kuchoka, jioni vihoma. Tukaenda hospitali, sitaitaja. Walipojua kwamba alifiwa na mama yake akiwa mdogo na kulelewa huku na huku, basi, kila tukirudi ni "msongo wa mawazo". Miezi kumi na tisa! Vidonge vya kutuliza. Kumbe ni TB ya uti wa mgongo. Leo anatembea na mkongojo. Yule daktari wa kwanza hakusema uongo, ni kweli mke wangu alikuwa na huzuni ya utotoni. Tatizo alipoipata ile huzuni aliacha kutafuta.

Halafu dada Fundi, rudia kusoma ulichoandika. Kaka siku nne, wewe kumi na moja, tena hukuweza kulala chali. Kule Australia kuna mji unaitwa Dubbo. Waliwafuata watu 253 tangu siku walizopata maambukizi, aina tatu tofauti kabisa za wadudu. Baada ya miezi sita 29 walikuwa bado wanaumwa, asilimia 12 hivi, na ilikuwa inalingana kwa wadudu wote watatu. Kilichotabiri nani atabaki mgonjwa ni ukali wa ugonjwa wa mwanzo. Historia ya maradhi ya akili haikutabiri. Ilichapishwa 2006, inasomeka. Kwa hiyo jibu la kwa nini wewe na si kaka liko kwenye siku zile kumi na moja, na kurudi kazini siku ya kumi na mbili. Korogwe ya nini?

KisauniKwetu

Nami nipite hapo kwa Dubbo. Mmoja wa wale wadudu watatu ni kirusi cha Ross River, na huyo ni wa ukoo mmoja na chikungunya yetu. Yetu nasema kweli, jina ni la Kimakonde, kujikunja, iligunduliwa kwenu huko Newala 1952.

Sisi Mombasa ilitushika mwisho wa 2017 ikaingia 2018. Mtaa mzima watu wanatembea wameinama kama waliopoteza sindano. Mimi vifundo vya mikono na miguu viliniuma miezi kumi na minne. Kufunga vifungo vya shati nilikuwa nafungwa na mke wangu. Na dadangu, utoto wangu mimi wallahi sikupigwa hata kofi. Mamangu alinidekeza mpaka jirani wakasema. Wazee wa Lamu wanasimulia hivyo hivyo ya 2004, pale karibu robo tatu ya watu kisiwani waliambukizwa, wenye utoto mtamu na mchungu wote pamoja.

Kwa hiyo na mimi niko kwa BabaTatu. Mdudu ni mdudu.

BiMkubwaMstaafu

BabaTatu, poleni sana na mama watoto. Umesema kitu ambacho nilitakiwa nikianze mimi.

Dubbo naikubali. Lakini nikuulize: kwa nini Fundi aliumwa siku kumi na moja na kaka yake nne, na walijifukiza nyungu moja? Pittsburgh, huko huko Marekani, kulikuwa na mtafiti Sheldon Cohen, kazi yake ilikuwa kuwatia watu wazima wenye afya virusi vya mafua puani kwa ridhaa yao, kisha kuwafungia karantini kuona nani ataugua. Katika moja ya kazi hizo, ya 2004, watu 334, aliwauliza kitu cha ajabu: utotoni, wazazi wenu walikuwa na nyumba yao wenyewe kwa miaka mingapi? Kadiri miaka ilivyokuwa michache, ndivyo walivyougua zaidi walipotiwa kirusi, hata kama leo wana pesa. Na miaka ya mwanzo kabisa ya utoto ndiyo iliyokuwa na uzito. Kwa hiyo Korogwe inaweza kuwa imepita humo humo ndani ya zile siku kumi na moja. Si lazima tuchague kimoja.

Ila Kisauni naye yuko sahihi kwamba mlango si mmoja. Watafiti wa chuo cha Harvard, Marekani, waliwafuata watu karibu 55,000, wengi wauguzi wenzangu, tangu Aprili 2020 kabla hawajaugua. 3,193 wakaja kupata korona. Waliokuwa na sonona, wasiwasi au upweke kabla ya korona walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya dalili za muda mrefu, kwa wenye aina mbili na zaidi za dhiki ilifika kama asilimia 50 zaidi. Watu wakashangilia, ahaa, ni kichwani. Lakini zaidi ya asilimia 40 ya waliobaki wagonjwa hawakuwa na dhiki yoyote kabla. Watafiti wenyewe walilisema hilo, wasije wakaeleweka vibaya.

Fundi mwanangu, fanya hivi kwanza. Kesho asubuhi kabla ya chai, lala dakika kumi, hesabu mapigo ya moyo mkononi kwa dakika moja kamili. Simama, usitembee, uwe na mtu karibu, hesabu tena kila dakika mbili mpaka kumi. Ukiona kizunguzungu keti, usijikaze. Andika kwenye daftari. Na uliza kama walipima tezi ya shingo, sukari, makohozi na VVU. Wingi wa damu na malaria peke yake havitoshi kusema hakuna kitu.

MtumishiMwaminifu

Nami sikumaanisha asipime. Kupima apime.

FundiCherehani

Shikamoo Bi Mkubwa, na ahsanteni nyote, hata Mtumishi.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa kitandani, kulikuwa na madera kumi na mawili ya watu wa kwaya na sikujipimia vizuri.

Nimesoma yote mara tatu. Naomba niseme nilivyoelewa kwa lugha ya kazi yangu. Kwenye cherehani kuna kile kiskurubu cha kukazia uzi. Fundi aliyekuwa nayo kabla yako akikikaza kupita kiasi, mashine haikuonyeshi kitu ukishona kanga. Inashona vizuri tu, miaka. Siku ukiweka hariri, mshono wote unajikunyata. Na mteja atasema kitambaa ni kibovu, fundi atasema mashine ni mbovu. Hivyo?

Nilipima kama ulivyosema, siku tatu. Nikilala: 74, 78, 76. Nikisimama, dakika ya nane: 110, 115, 112. Mwanangu wa kike ndiye alikuwa anashika saa, akasema mama hii si haki. Tezi hawakupima, nimeangalia karatasi zote. Makohozi walipima 2022, hayakuwa na kitu. VVU nimepima, sina. Sukari sikumbuki.

Na kingine. Kaka alipiga simu juzi. Nikamsomea sehemu ya Dunedin, ile ya damu ndani ya chupa. Akakaa kimya, nikadhani mtandao umekata. Akasema alikuwa analetewa barua na shangazi kila Krismasi, kwamba mimi nimenenepa na nacheka. Mimi sikuwahi kujua kuna barua. Hatukuongea zaidi, akaniuliza mota ya cherehani inakula umeme kiasi gani.

BiMkubwaMstaafu

Mfano wako wa cherehani ni mzuri, una kasoro moja: kiskurubu unakilegeza kwa mkono dakika moja, mwili hauna dakika moja. Na hariri yenyewe ilikuwa nzito sana mwaka ule, usiisahau.

Hizo namba zako zina maana. Kwa mtu mzima, mapigo yakipanda 30 au zaidi ndani ya dakika kumi za kusimama, na presha haijashuka sana, na hali hiyo imedumu, huenda kuna tatizo la neva zinazoendesha moyo na mishipa mtu akisimama. Linajulikana, limeonekana kwa wengi baada ya korona, na lina matibabu. Daktari anaweza kukuongezea maji na chumvi, kuna soksi za kubana, kuna dawa. Chumvi usianze mwenyewe kabla presha yako haijapimwa umelala na umesimama. Tafadhali.

Rudi kwa yule yule kijana. Usimkimbie. Alikusikiliza, huo ni mtaji, wengi wanaonielezea matatizo hawana hata huyo. Mpe daftari. Mwambie Korogwe nimekubali kuizungumza, lakini siku nyingine, leo tuanze na moyo. Na la Korogwe ukipata mtu wa kuzungumza naye, zungumza kwa ajili ya zile funguo, upate kulala. Usiende huko kwa sababu umeahidiwa miguu itapata nguvu.

BabaTatu

Na asikuandikie "msongo" kwenye faili kabla ya majibu. Mimi nilisimama mlangoni.

FundiCherehani

Hahaha BabaTatu, nitamleta mwanangu na saa yake, anatosha.

Nimepata nafasi Jumatatu. Bi Mkubwa, kile kipimo cha tezi ya shingo kinaandikwaje, nisije nikafika pale nikasahau? Ukungu huu unanisahaulisha hata jina la mteja.

BiMkubwaMstaafu

TSH. Iandike kwenye mkono wako kwa chaki ya kushonea. Na mwende na bajaji, msipande ngazi, kama ofisi yake iko juu mwambieni ashuke.